Mji wetu una kalenda yake, waisome wanaotuhudumia

Katika Ramadhani ya mwaka 2024 maji ya mfereji mtaani kwetu yalikuwa yakitoka kwa zamu, na zamu yetu sisi ilikuwa saa nane mchana. Mwenye kufunga ajua saa nane mchana katika mwezi wa Machi ni saa gani hapa Mombasa. Jua la kaskazi lingali kali, ulimi umekauka, magoti hayana nguvu, na hiyo ndiyo saa ya kina mama kusimama foleni na mitungi yao. Ikifika magharibi, wakati nyumba nzima yataka maji ya kufuturia, ya kutawadhia na ya kuoshea vyombo, mfereji hukoroma mara mbili ukanyamaza. Bibi mmoja jirani yangu, ambaye umri wake wamruhusu kusema alipendalo, aliniambia huku amekalia mtungi wake mtupu: "Mwanangu, hawa si kwamba hawana maji. Hawana mtu wa kuwaambia kuwa tumefunga."

Maneno hayo nimekaa nayo tangu siku ile, na kila nikiyapima naona bibi yule alisema kweli. Twalalamika kila siku juu ya maji, taka na mitaro, na malalamiko yetu ni ya haki. Lakini sehemu kubwa ya taabu yetu haitokani na ukosefu wa fedha au mitambo. Yatokana na huduma kuletwa wakati usio wake. Mji huu una kalenda yake, iliyokuwako kabla ya ofisi yoyote, na wanaotuhudumia hawaisomi. Sisi wenyewe pia, aibu iliyoje, tumeanza kuisahau.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Hiyo ndiyo Nairuzi ya maofisini. Masika yetu hushika Aprili, Mei na Juni, na Mei ndio mwezi unaonyesha kupita yote hapa Mombasa. Tazama basi mambo yanavyopishana: mvua hutukuta wakati mfuko wa mwaka u karibu kukauka, na mfuko mpya ukifunguliwa masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, na ule mtaro uliotutia maji ndani ya nyumba umekauka na kusahauliwa. Vijana wa kuzibua mitaro hupelekwa wakati vumbi ndilo linalotoka ndani. Nimewaona kwa macho yangu wakichota mchanga mkavu mwezi wa Agosti, wakauacha kando ya mtaro uleule, na vuli ya kwanza ikaurudisha ulikotoka.

Wazee wetu hawakuenda hivyo. Nahodha, mvuvi na mkulima walikuwa na mwaka wao wa siku 365, wa jua, ulioanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Miongo thelathini na sita, na siku tano juu yake, mwaka umetimia. Ndugu zetu wa Makunduchi kule Unguja wangali wanauoga mwaka huo kila Julai, na watu husafiri kwenda kutazama. Ukihesabu miongo kumi kutoka hapo utajikuta mwanzoni mwa Novemba, katikati ya vuli. Mzee hakuhitaji redio kumwambia lini apande mtama au lini jahazi lipandishwe pwani. Alijua kusi lashika lini, maleleji ni siku gani, na kaskazi ikianza kuvuma mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi watarajiwe.

Juu ya mwaka huo wa pepo tunao mwaka wa mwezi, wa mifunguo. Huu kila mtu aujua, lakini ni wachache wanaokaa chini wakapiga hesabu yake. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, na kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote katika muda wa miaka kama 33. Mwaka 2024 iliingia Machi. Mwaka 2028, Mungu akitujaalia uhai, itaingia mwishoni mwa Januari. Na mwaka 2030 zitaingia Ramadhani mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Maana yake ni kwamba miaka hii yote funga zetu zimo ndani ya kaskazi, wakati wa joto kali na ukame, wakati maji ya visima yashuka na chumvi yapanda.

Tazameni sasa upande wa pili. Iddi ya kuchinja, Mfunguo Tatu, mwaka 2026 ni mwishoni mwa Mei, mwaka 2027 ni katikati ya Mei, na mwaka 2028 ni mwanzoni mwa Mei, kwa kutegemea mwandamo. Yaani siku ile ambayo kila mtaa una mbuzi na ng'ombe waliochinjwa, na damu, na matumbo, na ngozi, yaangukia katika mwezi wenye mvua kubwa kuliko yote. Mtaro ukiwa umeziba, taka za machinjo zitaelea hadi mlangoni mwa msikiti. Hilo si la kupiga ramli. Ni hesabu ya mtoto wa chuoni. Na Maulidi nayo yako njiani: mwaka 2035 sehemu kubwa ya Mfunguo Sita itakuwa ndani ya Mei, na zefe zetu zitapita katika maji au hazitapita.

Nimesema habari ya visima, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana vijana wengi hawajui maji wanayokunywa yatoka wapi. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji ya mfereji yatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambazo bomba lake ni refu kupita kilomita 200, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na Tiwi kusini. Bomba likipasuka huko bara, sisi huku twabaki na mitungi mikononi. Kabla ya mabomba hayo, mji uliishi kwa mvua na visima. Ndani ya Ngome lipo mpaka leo birika la kukinga maji ya mvua. Misikiti mingi ya Mji wa Kale ina kisima chake na hodhi lake, na visima kadha wa kadha viliwekwa wakfu na watu waliotaka thawabu isiyokatika. Leo baadhi ya visima hivyo vimefunikwa kwa saruji, na vingine vimezungukwa na vyoo vya shimo hata maji yake hayafai kuingia kinywani bila ya kuchemshwa au kutiwa dawa. Aliyeweka wakfu kisima hakukusudia hayo.

Marehemu mama yangu, kila kaskazi ilipokuwa ikielekea ukingoni, kabla ya wingu la kwanza, alimpandisha mmoja wetu juu ya paa afagie majani na kinyesi cha ndege, kisha azibue mlizamu. Mvua ya kwanza hakuikinga. Alisema hiyo yaoga paa. Mvua ya pili ndiyo iliyoingia pipani. Siku hizo mtaa mzima ulitoka siku moja na majembe na mafagio, watu wa nyumba hii na ile, mtaro ukazibuliwa toka juu mpaka ufukweni, na wanawake wakatoa uji na mahamri. Hakuna aliyengoja barua. Leo tunajenga ghorofa nne, bomba la paa tunalielekeza uchochoroni kwa jirani, kisha twaandika magazetini kwamba mji umeharibika.

Naam, na sisi tuna makosa, tusifichane. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa za plastiki zimeshika nafasi yake, na vifuu na makumbi ya madafu vyatupwa mtaroni na watu walewale wanaotoka kuswali. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kuondoa cha kuudhi njiani ni katika matawi ya imani. Vipi kukiweka?

Mvua hizi si mchezo. Wenye umri wetu wanaikumbuka vuli ya mwaka 1997, mvua za El Niño, na vijana wanaikumbuka ya mwaka 2023. Na ukame nao una adhabu yake ya kificho. Mwaka 2013 na 2014 homa ya dengue iliangusha watu wengi hapa Mombasa, na mbu anayeileta huzaa katika maji safi ya majumbani: mapipa, madumu, matangi yasiyo na vifuniko. Tena huyo huuma mchana, chandarua cha usiku hakimzuii. Kwa hiyo anayehifadhi maji ya Ramadhani na afunike kila chombo, na kila wiki alisugue pipa kwa ndani mpaka mstari wa maji, kwa kuwa mayai hushikamana na ukuta na hayatoki kwa kumwaga maji tu. Akifanya hivyo na paa akalifagia kabla ya Machi kwisha, amejisaidia yeye na jirani yake.

Kuna watakaosema: huyu ataka serikali iendeshwe kwa mwezi mwandamo, na mji una watu wa dini zote. Sikusema hivyo. Mvua haiulizi dini ya mwenye nyumba, na mtaro ukizibuliwa Februari watafaidi wa Majengo na wa Changamwe, mwenye msikiti na mwenye kanisa. Na kama zamu za maji zapangwa upya wakati wa Krismasi kwa sababu wageni wamejaa mahotelini, basi yawezekana kuzipanga upya kwa mwezi mmoja ili maji yatoke baada ya isha mpaka wakati wa daku. Maji ni yaleyale na bomba ni lilelile. Kinachobadilika ni saa ya kufungua valvu.

Tena sheria iko upande wetu. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, kuzoa taka, mitaro ya maji ya mvua mijini, na huduma za maji na usafi ni kazi za serikali za kaunti, na raia ana haki ya kushirikishwa katika makadirio ya fedha. Makadirio hayo hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha. Mimi nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo. Uliitishwa saa tisa alasiri, ndani ya Ramadhani, katika ukumbi usio na feni. Tulikuwa watu kumi na wanne, na wanne kati yetu walikuwa watumishi wa ofisi iliyotuita. Msomaji wa makadirio alisoma kwa mbio kama imamu mwenye safari, na adhana ya laasiri ilipotoka nusu ya ukumbi ikasimama ikaenda zake. Kesho yake ikaandikwa kwamba wananchi wameshauriwa.

Basi ombi langu ni dogo na nalitaja kwa tarehe ili mtu asije akasema hakuelewa. Mitaro ya Mji wa Kale, Majengo na Kisauni izibuliwe Februari, na kinachotolewa kichukuliwe siku ileile. Zamu za maji za Ramadhani zitangazwe katikati ya Shaabani, misikitini siku ya Ijumaa na makanisani Jumapili, ili kila nyumba ijue. Mapipa ya taka za machinjo yawekwe usiku wa kuamkia Iddi ya Mfunguo Tatu na yaondolewe kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, na maimamu wetu watutangazie mahali pa kuyapata hapo hapo baada ya hotuba, watu hawajatawanyika. Na mikutano ya makadirio ifanywe asubuhi.

Kwa upande wetu, kila mtaa uchague watu wawili watatu wanaojua kuhesabu miongo na mifunguo, wakae na kalenda ya ofisini upande mmoja na ya mwezi upande wa pili, waandike karatasi moja, waipeleke kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Bibi yule jirani yangu tayari amejitolea. Hajui kusoma hati za Kizungu, lakini ukimtajia mwaka wowote atakwambia masika yake yalikuwaje na Ramadhani iliingia na upepo gani. Amesema yeye atakwenda, mradi asiitwe saa tisa.