Usiku wa Kuamkia Safari



Mwezi uliopita tulimsindikiza baba watoto uwanja wa ndege. Alikuwa anakwenda India kwa masomo ya mwaka mmoja, na ndege ilikuwa ya saa 11 alfajiri. Aliambiwa afike saa tatu kabla, yaani saa 8 usiku. Sisi tunakaa Boko. Kutoka huku mpaka lile Jengo la Tatu la abiria lililofunguliwa mwaka 2019 ni kuuvuka mji wote: Tegeta, Mwenge, Ubungo, kisha Barabara ya Mandela hadi TAZARA. Na masika yalikuwa yameanza. Tukaona ni busara tukalale jirani na uwanja. Watoto tukawaacha kwa bibi yao.

Tulipata nyumba ya wageni Kipawa. Binti wa mapokezi akauliza bila kuinua macho, "Mnapumzika au mnalala?"

Sisi wenye ndoa ya miaka 19, na kitenge cha kina mama wa kanisa kiunoni, tuliona haya! "Tunalala, mwanangu," tukajibu, tukajaza kitabu cha wageni.

Chumbani palikuwa na kitanda, feni na kiti kimoja. Hapakuwa na mtoto wa kugonga mlango wala sufuria ya kuosha. Hatukuwa na la kufanya ila kuzungumza. Ndipo baba watoto alipotoa bahasha: hati za kiwanja chetu, na karatasi za mkopo wa SACCOS tusioujua. Aliuchukua kumalizia ada ya mtoto wetu wa kwanza. Alisema tangu mwaka jana alitafuta nafasi ya kutuambia, lakini kila jioni alitukuta tumechoka, au tuko kwaya.

Hatutawaficha, tulikasirika. Tulinyamaza kitambo kirefu, tukisikiliza ndege zikipita juu ya paa. Kisha tukawaza: je, angeondoka bila kusema, na wadai wakaja kubisha hodi Boko? Tukachukua daftari, tukaandika pamoja kiasi kilichobaki na tarehe za marejesho. Tukapiga magoti kando ya kitanda, tukaomba. Saa 7 na nusu tuliondoka, macho mazito lakini moyo mwepesi.

Mama mpendwa, hati za nyumba yenu ziko wapi? Nani anawadai, nanyi mnamdai nani? Mume asiseme tu, na sisi tujiulize: akitaka kusema, anatukuta wapi? Si lazima kulipia chumba Kipawa. Jioni moja kwa juma, watoto wakishalala, zimeni televisheni, wekeni simu kando, mkae wawili. Mengine yanayoitwa siri ndani ya nyumba ni maneno yaliyokosa nafasi tu.

Mungu azilinde nyumba zenu, na wasafiri wenu awarudishe salama.