Historia ya Kiboko si ya mwindaji peke yake

Tafuta Kiboko ya Makueni mtandaoni. Mara moja utakutana na J. A. Hunter, mwindaji aliyeua vifaru zaidi ya 900 kati ya 1944 na 1946 ili serikali ya kikoloni ipate ardhi ya kuwapa Wakamba makao. Sawa, mwalimu afundishe hayo. Lakini Wakamba wenyewe walisemaje?

Hilo bado limo vichwani mwa wazee waliokuwa watoto wakati ule, na sasa wamepita miaka 80. Mwalimu, simu yako inarekodi sauti. Wikipedia haipokei masimulizi yasiyo na chanzo kilichochapishwa, kwa hiyo anza na blogu ya shule, ni bure. Wanafunzi wahoji, waandike, kisha walinganishe na ya Hunter. Hapo ndipo historia huanza.

Au mnasemaje, jamani?