Tujifunze Maneno: "Settle"

Msomaji wa Bonde la Ufa hulikuta neno la Kiingereza "settle" katika barua ya benki, katika shauri la korti, na katika karatasi za shamba. Yafaa tulifahamu vema, maana lina sura nyingi na shina moja.

Shina hilo ni neno la Kiingereza cha kale, "setl", yaani kiti. Hata leo benchi refu la mbao lenye maegemeo huitwa "settle". Basi maana ya kwanza ya kitendo hiki ni kukaa na kutulia. Ndege akitua juu ya tawi, vumbi likitua barabarani, masimbi ya kahawa yakizama kikombeni, Mwingereza hutumia neno hili hili. Kisha maana ikapanuka: ugomvi ukisuluhishwa, au deni likilipwa likaisha, husemwa vivyo hivyo, kwa kuwa jambo lililohangaika limepata kuketi.

Kwetu neno hili lilizaa "setla", Mzungu aliyepata shamba Njoro, Naivasha na kwingineko tangu mwanzo wa karne ya 20. Mwafrika aliyeishi na kulima katika shamba lile aliitwa "skwota", kutoka kitendo "squat", yaani kuchuchumaa. Tazama ajabu ya maneno: wote wawili walikaa juu ya ardhi moja, lakini jina la mmoja latokana na kiti, na la mwenzake latokana na kuchuchumaa, kama mtu asiyetarajiwa kukaa sana. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka.

Tarehe 12 Agosti 1963 Jomo Kenyatta alisema na masetla mjini Nakuru, akawaomba wabaki na kulima. Wengine walibaki, wengine waliuza. Mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, uliwagawia Waafrika mashamba yaliyonunuliwa kwa masetla. Mpango huo nao uliitwa "settlement scheme", na wananchi wakasema "skimu". Baadhi ya waliochuchumaa wakapata kiti, ila kwa mkopo: hati ya shamba ilingoja mpaka deni liishe. Ilimpasa mtu "settle" kwa maana ya pili ndipo awe salama katika ile ya kwanza.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Ukilipwa fidia au mshahara uliobaki, ukaona karatasi imeandikwa "in full and final settlement", fahamu kwamba ukitia sahihi unakiri kuwa umepokea haki yako yote, wala hudai tena. Hesabu fedha kwanza. Zikipungua, usitie sahihi mpaka umeuliza, kwani kuuliza si ujinga.