Kule wanaiita sumu, Kakonko tunaiita dawa

Ndugu zangu, leo naanza na neno moja tu: dawa.

Ingia duka lolote la pembejeo pale Kakonko mjini, sema unataka sumu ya nyanya. Muuzaji atakuangalia mara mbili, pengine atauliza nyumbani kuna amani. Sema unataka dawa ya nyanya, unahudumiwa hapo hapo. Tuna dawa ya viwavi, dawa ya magugu, dawa ya maharage ya ghalani. Mtoto mwenye malaria anapewa dawa, na nyanya yenye wadudu nayo inapewa dawa. Neno lile lile! Sasa mtu akishaambiwa kitu ni dawa, kwa nini akiogope?

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kumsalimia baba yangu mdogo. Nikamkuta bondeni, bomba mgongoni, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu pekupeku.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kaa huko huko juu, usije huku upepo unakoelekea. Hii kitu inawasha macho."

Kumbe anajua! Nikamuuliza amechanganya kiasi gani. Akanionyesha kifuniko cha chupa. "Dukani waliniambia kimoja kwa bomba, mimi naweka viwili. Wadudu wa siku hizi wamezoea." Nikamuuliza anavuna lini. "Keshokutwa. Keshokutwa si ndiyo gulio?" Nikaomba kuiona chupa. Maandishi yake ni madogo kama punje za ulezi, na mimi mwenye macho ya ujana nilisoma kwa shida. Yalisema mkulima asubiri siku saba ndipo avune.

Hebu fikirini. Siku saba kwenye chupa, siku mbili kwenye maisha. Ule mto anakosafishia bomba ndio huo huo watoto wanakochota maji. Na jioni kichwa kikimuuma atakunywa glasi ya maziwa, kwa sababu kijijini kwetu kila mtu anaamini maziwa yanaondoa sumu. Ukweli ni kwamba hayaondoi.

Sikumlaumu, nanyi nawaomba msimlaumu. Nitawaeleza kwa nini, lakini kwanza twende Ulaya kidogo.

Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo wa matumizi endelevu ya viuatilifu. Ulisema mambo ambayo hata baba mdogo angeyaelewa. Anayeuza, anayetoa ushauri na anayepulizia kama kazi wote wapate mafunzo na cheti. Mashine za kupulizia zikaguliwe kila baada ya miaka kadhaa, maana bomba linalovuja linamwaga sumu kuliko mkono wa mkulima unavyokusudia. Kupulizia kwa ndege kupigwe marufuku, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Na kuanzia Januari 2014 mkulima aanze na njia nyingine, kama kubadilisha mazao, mbegu zinazovumilia na wadudu rafiki, ndipo sumu ije mwisho.

Yalifuatwa? Nusu nusu. Mwaka 2020 Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ilitoa ripoti ikisema maendeleo ya kupima na kupunguza hatari za viuatilifu yalikuwa madogo. Mwaka huo huo Tume ya Ulaya ikaja na lengo kubwa: kufikia 2030, matumizi na hatari za viuatilifu vya kemikali vipungue kwa asilimia 50. Juni 2022 ikaleta muswada wa kulifanya lengo hilo kuwa sheria. Vuta nikuvute ikaanza. Novemba 22, 2023 Bunge la Ulaya likaukataa kwa kura 299 dhidi ya 207, huku wabunge 121 wakijizuia. Miezi michache baadaye matrekta yakafunga barabara za Brussels, Paris na Berlin, wakulima wakilalamikia bei, gharama za mafuta, bidhaa za kutoka nje na masharti ya mazingira. Februari 6, 2024 rais wa Tume, Ursula von der Leyen, akatangaza kuuondoa muswada.

Wapo walioshangilia, wapo waliolia. Mimi najifunza kitu kimoja: ukimwambia mkulima apunguze sumu bila kumpa cha kushika mkono wa pili, ataleta trekta barabarani. Tofauti ni kwamba mkulima wa Gwanumpu au Nyabibuye hana trekta. Yeye akibanwa ananyamaza, anaendelea kupulizia.

Haya, tuje kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Ulaya hiyo hiyo inayolinda mashamba yake ina tabia ya kuuza nje ile inayoikataa nyumbani. Mfano ni paraquat, dawa ya magugu. Mwaka 2007 mahakama ya Ulaya ilifuta kibali chake, ikaondoka mashambani kwao. Viwandani haikuondoka. Mwaka 2020 mashirika ya uchunguzi ya Public Eye na Unearthed yalichapisha nyaraka zinazoonyesha kwamba mwaka 2018 pekee, kampuni za Ulaya (Uingereza ikiwa bado ndani) zilitoa taarifa za kutaka kusafirisha nje zaidi ya tani 81,000 za viuatilifu vyenye kemikali zilizopigwa marufuku kwao. Paraquat iliyotengenezwa Uingereza ilikuwa sehemu kubwa sana ya mzigo huo. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2018 ya kuzuia biashara hii, ikaanza kufanya kazi Januari 2022, na hata hiyo ikalaumiwa kwa mianya. Tume ya Ulaya nayo iliahidi Oktoba 2020 kuikomesha kwa Umoja mzima. Mwaka 2024 uliisha sheria hiyo haijaletwa.

Na sisi historia hii tunaijua kwa pua zetu. Wakazi wa Vikuge, kule Kibaha, waliachiwa shehena ya viuatilifu iliyotoka Ugiriki mwaka 1986 kama msaada, sehemu yake ikiwa imeshapitwa na muda. Ghala likabomoka, sumu ikaingia ardhini, na watafiti waliopima udongo baada ya shehena kuondolewa waliikuta bado imejaa.

Upande wa pili wa mzani uko hivi: sumu ikienda kusini hakuna kelele, mazao yakienda kaskazini yanapimwa. Januari 2013 Ulaya iliongeza ukaguzi wa maharage mabichi na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dimethoate. Wakulima wadogo wengi wakajikuta nje ya biashara, maana kampuni za kusafirisha ziliona ni rahisi kununua kwa wakubwa. Mlaji wa Ulaya alilindwa, na hiyo ni haki yake. Lakini mimi nauliza: mlaji wa Nairobi na Dar es Salaam analindwa na nani?

Ninyi mlioko Dar mnaringia maharage ya Kigoma. Mmewahi kusikia gunia limezuiwa Tandale kwa sababu ya mabaki ya sumu? Mimi sijawahi, na hii ndiyo kazi yangu, kutafuta habari. Nyanya ya baba mdogo haiendi Brussels. Inaliwa Kakonko, Kibondo na Kasulu, na mimi niliila siku ile ile kwenye kachumbari.

Atakuja mdau aseme, acha kutia chumvi, Tanzania inatumia viuatilifu kidogo kwa hekta ukilinganisha na Ulaya. Sawa, nakubali. Lakini hatari haipimwi kwa lita peke yake. Lita moja kwa mtu aliyevaa glovu, ndani ya trekta lenye kioo, si sawa na lita moja kwa mtu pekupeku mwenye bomba linalovuja mgongoni. Na chupa ikiisha tunafanya nini? Tunaisuuza, tunaweka mafuta ya taa. Wengine mafuta ya kula. Jamani!

Mwingine atasema basi tupige marufuku kila kitu. Huyo naye hajalima. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, wapo walioona shamba la mahindi limeliwa kwa siku chache. Ukimnyang'anya mkulima bomba siku hiyo umemnyang'anya chakula. Sitaki tufike huko.

Ninachotaka ni kulinda tulicho nacho, na hapa nawakumbusha asali. Ukanda wetu ni wa nyuki. Misitu ya miombo inayoshuka kuelekea Moyowosi imelisha warina asali tangu enzi za mababu. Wabelgiji waliwahi kuwa na mradi wa nyuki mkoani kwetu, na miaka hii ya 2020 Umoja wa Ulaya wenyewe umegharimia mradi wa BEVAC wa kukuza biashara ya asali, Kigoma ikiwa miongoni mwa mikoa yake. Tanzania iko kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa kuuza asali Ulaya, kwa sharti la kupima mabaki. Sasa tuunganishe. Mkono mmoja unatugawia mizinga. Mkono wa pili, yaani soko la dunia, unatuuzia dawa zinazoua nyuki. Mwaka 2018 Ulaya ilipiga marufuku kutumia dawa tatu za jamii ya neonikotinoidi mashambani nje, imidacloprid ikiwa mojawapo, kwa sababu ya nyuki. Mwaka 2023 ikaenda mbali zaidi: ikapunguza mabaki ya mbili kati ya hizo, clothianidin na thiamethoxam, yanayoruhusiwa kwenye vyakula vinavyoingia kwao, kuanzia Machi 2026, na sababu waliyoitaja ni kulinda wachavushaji wa dunia nzima. Wametunga sheria kwa ajili ya nyuki wetu kabla yetu sisi!

Jirani wa baba mdogo ana mizinga kumi na minne. Msimu uliopita aliikuta mitano imenyamaza, nyuki wamelala chini kama pumba. Hakumshitaki mtu. Atamshitaki nani? Hajui nani alipulizia nini, siku gani. Hakuna aliyeandika.

Na hapo ndipo somo la Ulaya lilipo kwangu. Lile lengo la asilimia 50 waachieni wenyewe, maana sisi hatuwezi kupunguza kwa nusu kitu ambacho hatujakihesabu. Tuanze na vitu vidogo vilivyomo kwenye ule mwongozo wa 2009.

Sheria tunayo. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ilileta Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyorithi kazi ya ile TPRI ya Arusha. Kinachokosekana ni sheria kushuka hadi gulioni. Halmashauri zetu za Kakonko, Kibondo na Kasulu zinaweza kuamua kwamba asiye na mafunzo hauzi sumu, na cheti kibandikwe ukutani tukione. Afisa ugani mmoja hawezi kufika kila bonde, lakini siku ya gulio la Muhange wakulima wenyewe wanakuja. Mwekeni pale na meza na bomba moja la kuonyeshea. Kila kijiji kipate vijana wawili waliofundishwa, wenye buti, glovu na barakoa, wapulizie mashamba ya watu kwa malipo ya bomba, na waandike kwenye daftari: shamba la nani, dawa gani, tarehe gani. Wapulizie jioni nyuki wakisharudi, na mwenye mizinga aambiwe mapema. Hiyo inaweza kuwa ajira, na mmiliki wa mizinga kumi na minne atakuwa na daftari la kufungua.

Ghalani pia kuna njia. Ile mifuko isiyopitisha hewa, inayoitwa kinga njaa, inaua wadudu wa maharage kwa kuwanyima pumzi tu, bila unga wowote wa sumu. Ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini inarudiwa msimu mwingine. Ruzuku ikiweza kwenda kwenye mbolea, kwa nini isiguse mfuko?

Na sisi waandishi tujitazame. Redio zetu zinatangaza dawa mpya kwa muziki na vicheko, tunapokea pesa za tangazo, hatuulizi siku za kusubiri ni ngapi. Mimi mwenyewe nimewahi kusoma tangazo la namna hiyo hewani. Nikilikumbuka naona aibu.

Nilipokuwa naondoka, baba mdogo alinipa ndoo ya nyanya nipeleke mjini. Nikamwambia, baba, tusubiri siku tano nyingine, mimi nitakuja kuzichukua. Akacheka. "Gulio halisubiri, mwanangu." Nikamwambia basi hizi zangu zisubiri. Akanitazama, akaitoa ile ndoo mkononi mwangu, akaiweka chini. "Kwani ni mbaya hivyo?"

Miaka yote hiyo ameibeba mgongoni, na hakuna aliyewahi kumjibu swali hilo. Nilikaa naye chini ya mwembe nikamsomea ile chupa yote, mstari kwa mstari. Nilipofika penye neno sumu alinisimamisha. "Rudia hapo."

Nikarudia. Naomba kutoa hoja.