MUHOGO MGONJWA SI AKIBA

Wakulima wa Manyovu, kama wenzao wa Kasulu na Kibondo, wanayo akiba isiyohitaji ghala, nayo ni muhogo uliomo ardhini. Mvua ikikatika na mahindi yakinyauka, muhogo hupukutisha majani na kungoja. Mvua ikirudi huchipua tena. Hiyo ndiyo ngao dhidi ya njaa.

Lakini ngao hiyo inatobolewa. Batobato hudumaza mmea. Michirizi ya kahawia, ambayo mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha Amani aliieleza mwaka 1936, huozesha mizizi. Ukame huzidisha hasara hiyo. Mkulima anayeogopa njaa huuacha muhogo shambani muda mrefu zaidi, na uozo huzidi kuenea. Tena, majani yakishapukutika, dalili hazionekani; pingili zenye virusi huchukuliwa kuwa mbegu njema, na zikichipua, nzi weupe hueneza maradhi shamba hadi shamba.

Kwa hiyo twasema: mbegu ichaguliwe mapema, majani yangali mabichi. Wakati wa kuvuna, mizizi ikatwe na kutazamwa. Shina la mzizi uliooza lisipandwe, wala jirani asipewe. Nao mabwana shamba wahakikishe mbegu safi, zenye kustahimili magonjwa hayo, zinafika vijijini kabla ya mvua.

Maadui hawa wawili wameshikana mikono. Mkulima mmoja hawawezi peke yake, kwani shamba safi lililo kando ya shamba gonjwa halidumu. Hatuna budi kuwakabili kwa umoja.