Muziki juu, moshi chini ya kava

KAMA una mume, kaka au shemeji mwenye pikipiki kubwa ya safari, bila shaka umeshamsikia akilalamika kwamba redio yake haisikiki akishapita kilomita 80 kwa saa. Usimcheke. Upepo unaozunguka helmeti huvuma kuzishinda spika ndogo zilizotoka nazo kiwandani. Ndipo huanza tamaa ya kununua amplifaya na kuificha ndani ya kava ile ya mbele inayomkinga mwendeshaji.

Shemeji yangu aliingiwa na tamaa hiyo. Akaenda Luthuli Avenue hapa Nairobi, akachagua boksi lililoandikwa wati 1,000, akatafuta fundi wa mtaani akamfungia siku hiyo hiyo. Jumapili iliyofuata alimpakia dada yangu nyuma, wakashika njia ya Mombasa. Hawakufika hata Emali. Dada ndiye aliyenusa plastiki ikiungua. Walipozima injini na kufungua kava, walikuta waya mwekundu umesuguliwa na chuma cha usukani mpaka mpira wake ukachubuka, nao haukuwa na fyuzi popote. Tangi la petroli lilikuwa shibri mbili tu kutoka hapo.

Kazi ya fyuzi wengi wetu huielewa kombo. Hailindi amplifaya, inalinda waya. Betri ya pikipiki kubwa ni ya volti 12 tu na haiwezi kukurusha, lakini waya wake ukigusa fremu inaweza kumwaga zaidi ya ampea 100 kwa ghafla, na waya huo hugeuka koili ya jiko la umeme. Kwa hiyo fyuzi hukaa karibu na kichwa cha chanya cha betri, shibri moja ikiwezekana. Ukiiweka kule mwisho, ndani ya kava, waya wote ulio katikati hauna mlinzi.

Tuzirudie sasa zile wati 1,000. Fyuzi iliyochomekwa kwenye amplifaya yenyewe ilikuwa ya ampea 15. Zidisha 15 kwa volti 14, kiasi kinachopatikana injini inapochaji, utapata 210. Kitu kinachokula wati 210 hakiwezi kutoa 1,000 mfululizo. Hata duka la shangazi halina faida ya namna hiyo! Kabla ya kulipa, omba uone fyuzi, upige hesabu hiyo palepale kaunta. Muuzaji atanyamaza.

Uliza pia daraja lake. Amplifaya za kizamani, za daraja AB, hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto. Ili itoe wati 200, hula kama 400, na zile 200 zilizopotea zinapika ndani ya kava isiyopitisha hewa. Ya daraja D huhitaji kiasi cha 250 kwa kazi hiyo hiyo, tena ni ndogo, pengine inaenea kiganjani. Ndani ya pikipiki sioni sababu ya kununua nyingine. (Wenye boda boda, hesabu hizi si zenu: pikipiki ndogo huzalisha umeme kidogo mno, na betri itakufa mkiwa mnangoja abiria.)

Kisha kuna jambo la kava yenyewe. Ile ya Honda Gold Wing imefungwa kwenye fremu na haisogei. Ile ya Harley-Davidson Electra Glide, iliyoanza kutumika mwaka wa 1969, imeshikwa na foki na hugeuka pamoja na usukani. Kila gramu unayoongeza humo unaigeuza kwa mikono yako, na kila waya unaoingia humo hukunjwa na kukunjuliwa kwenye kila kona. Hapo ndipo waya wa shemeji ulipochubukia. Fundi mzuri hugeuza usukani kushoto hadi mwisho, halafu kulia hadi mwisho, kabla ya kukaza waya wowote. Huweka raba chini ya amplifaya kwa sababu ya mtikisiko, na huelekeza soketi chini ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia. Waya wa hasi huurudisha kwenye betri. Ukifungwa kwenye chuma chenye rangi, spika hulia kama mbu kila ukiongeza mafuta.

Halafu masikio. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kuwa mwisho kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu. Kwa desibeli 94 una saa moja tu, na upepo wa barabara kuu pekee, ndani ya helmeti, unaweza kufika hapo kabla hujawasha muziki. Ukiongeza muziki ushinde upepo, unaongeza juu ya kilichokwisha kuzidi. Kioo kirefu zaidi cha mbele wakati mwingine husaidia kuliko amplifaya, nacho hakihitaji fyuzi.

Shemeji amenunua nyingine, ya daraja D, na safari hii alisimama juu ya fundi tangu asubuhi. Dada amekubali kupanda tena, kwa sharti kwamba fyuzi za akiba zikae ndani ya mkoba wake.