Jembe, Sukari na Tone la Damu: Madai Matano Yasiyo na Mguu

Marabo, kwenye barabara ya Bunia kwenda Komanda, mazoezi hayasubiri ukumbi: yako shambani, mtoni na njiani kwenda sokoni. Mwenye ugonjwa wa sukari atatoa jasho apende asipende. Kinachomfaa ni kujua sukari yake iko wapi kabla na baada ya jasho hilo. Madai yafuatayo yanamzuia kujua.

"Mwenye sukari asishike jembe."
Mpiga makasia Mwingereza Steve Redgrave aligunduliwa ana kisukari mwaka 1997. Mwaka 2000, akiwa anatumia insulini, alitwaa dhahabu yake ya tano ya Olimpiki mjini Sydney. Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari ya damu, na nafuu hiyo huweza kudumu saa 24 au zaidi. Ndiyo maana wataalamu hushauri zisipite siku mbili mfululizo bila kuushughulisha mwili. Kulima na kutwanga vinahesabika.

"Sukari imepanda? Kimbia, itashuka."
Pengine itapanda zaidi. Mbio za ghafla au gunia zito huamsha adrenalini, na ini likamwaga sukari kwenye damu. Mwili uliokosa insulini huanza kuchoma mafuta, damu ikajaa ketoni, yaani asidi zitokanazo na mafuta hayo. Anayetegemea insulini akikuta zaidi ya miligramu 250 kwa desilita, tena ana kichefuchefu, anaumwa tumbo au anahema kwa kasi, aache kazi na kwenda kituo cha afya mara moja.

"Nikijisikia vizuri, kupima ni kazi bure."
Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio: dalili za sukari kushuka hufanana na za mtu aliyelima tangu alfajiri. Hatari hii humwandama hasa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Anayetumia metformini peke yake ni nadra imkute. Wa kundi la kwanza akipata chini ya 90 kabla ya kazi, ale kwanza, hata ndizi mbivu moja. Ikiwa chini ya 70, aache jembe, anywe maji yenye vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Bugali haitamwokoa hapo, maana huchelewa kufika kwenye damu. Siku ya kazi nzito apime pia kabla ya kulala: sukari inaweza kushuka usingizini.

"Vijiti vya kupimia ni ghali, kimoja cha asubuhi chatosha."
Ughali ni wa kweli. Lakini kipimo cha asubuhi peke yake hakikuonyeshi jembe limefanya nini. Asiyetumia insulini wala glibenklamidi anaweza kukusanya vijiti viwili kwa siku moja, kabla na baada ya shughuli ile ile, kisha akapumzika siku kadhaa. Aanze na chakula cha jioni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kutembea dakika 10 baada ya kila mlo kulishusha sukari ya baada ya kula kuliko dakika 30 za wakati wowote, na tofauti kubwa zaidi ilikuwa jioni. Barabara ikiwa si salama usiku, kuzunguka uani kunatosha. Anawe vidole kwanza na kuvikausha, kwani maji ya embe yaliyobaki kidoleni huongeza namba.

"Bila kifaa cha kubandika mkononi hujui lolote."
Kifaa hicho ni kizuri: huonyesha sukari inaelekea wapi, hata usiku. Ila husoma majimaji yaliyo chini ya ngozi, hivyo wakati wa kazi hubaki nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Watumiaji wake nao huambiwa watoboe kidole namba isipolingana na wanavyojisikia.

Asiyekuwa nacho anahitaji daftari lenye safu nne: saa, kazi, namba ya kabla, namba ya baada. Tuseme mtumiaji wa glibenklamidi ameandika 150 kabla ya kulima na 85 baada ya saa mbili. Mara ijayo atakula kitu katikati ya kazi, na daftari atampelekea muuguzi. Dozi asiipunguze mwenyewe. Muuguzi sasa ana cha kuipimia.